Walimpa Shule, Sasa Anataka na Mikono Yangu

Mpendwa mshauri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi pokea salamu tu, mimi ni msomaji wako wa kila wiki, gazeti lako huwa nalikuta saluni wateja wakishalisoma, na sikuwahi kudhani kuwa siku moja na mimi nitakaa kukuandikia, maana siku zote nilikuwa nacheka matatizo ya wenzangu na kusema huyu naye hana akili, kumbe kicheko huzunguka mtaa mzima halafu hurudi kwa mwenyewe. Naomba unisaidie, na ukiona pa kunigombeza nigombeze.

Mimi ni msusi. Nina chumba kimoja kinachotazama barabara, kioo kikubwa, viti viwili na benchi la wanaosubiri, na mlango wa pili ni wa fundi simu. Kwetu tulizaliwa wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume. Baba alikuwa mlinzi wa geti kwenye kampuni kubwa, na mlinzi kazi yake ni kutazama watu wakiingia na kutoka, basi yeye alitazama miaka yote hiyo akaona kwamba wanaoingia na kalamu mfukoni ndio wanaotoka na magari, akaamua kwamba nyumba yake lazima itoe mtu wa kalamu. Mimi nilifaulu kwenda sekondari, mshauri, nilifaulu vizuri, hesabu nilikuwa naipenda kuliko kula, lakini baba akaniita akaniambia uwezo upo wa kusomesha mtoto mmoja tu, msichana kazi ya mikono inamtosha, na "wewe ni dada, mwachie mdogo wako." Nikamwachia. Nikapelekwa kwa rafiki wa marehemu mama yangu aliyekuwa anasuka barazani kwake, na nilijifunza huku nalia, mpaka mteja wangu wa kwanza akauliza mbona kichwa kinalowa wakati nywele zilishakauka.

Mdogo wangu akasoma. Sitamsingizia, alisoma kweli, hakuchezea. Akapata kazi ya karani wa hesabu kwenye kampuni inayosambaza vifaa vya ujenzi, kazi yake kulinganisha ankara na mzigo uliofika, kama saruji imeandikwa hivi na imefika vile yeye ndiye anayejua. Mtaani wakamwita Afisa. Baba akawa hapiti kwa ndugu bila kumtaja, mwanangu ana kazi ya kiti na meza, haina jua, haina mvua, haina mwisho, na nikitajwa mimi ilikuwa "huyu mwenzake yeye aliishia kusuka." Hilo neno "aliishia" nimelisikia harusini na msibani, na kila mara nilitabasamu nikaendelea kugawa chai.

Sasa kule kazini kwake wakaleta programu ya kompyuta, wakamwambia akae nayo, ikikosea airekebishe. Akawa anakuja kwangu siku za mapumziko ananisimulia kwa furaha, "Dada, wiki iliyopita ilikuwa inachanganya mabati na misumari, nimeielekeza, sasa hivi inajua," yaani kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake amepasi. Nikamuuliza, wewe mbona unamfundisha kazi yako mtu asiyelala? Akacheka, akasema, "Hicho ni chombo tu, dada, chombo lazima kiwe na mwenyewe." Haukupita muda mrefu wakaitwa ukumbini, wakapewa soda, wakashukuriwa kwa utumishi wao, wakaambiwa chumba chao chote kitabaki na mtu mmoja wa kuiangalia ile programu, na huyo mmoja hakuwa yeye. Akarudi na mto wa kukalia aliokuwa amejinunulia kwa ajili ya mgongo, ndicho kitu pekee kilichokuwa chake pale. Ameomba kazi kote, lakini kila wanakohitaji makarani wameshanunua programu ile ile au ndugu yake.

Akaanza kushinda saluni kwangu. Mwanzoni alikaa kwenye benchi na mto wake, baadaye akawa anafagia nywele, kisha akawa ananichambulia rasta na kunipangia mafungu, na mikono yake, nisiwe mchoyo wa kusema kweli, ni myepesi. Na saluni unaijua, midomo haifungwi. Mada siku hizi ni hiyo hiyo, kazi ya nani itachukuliwa na mashine na ya nani itabaki. Mteja wangu mmoja wa benki, wa dirishani, alisema madirisha yao yamefungwa yote limebaki moja, na yeye sijamwona tena tangu siku ile. Mwalimu akasema yeye hana wasiwasi, mashine gani itaamua ugomvi wa watoto wanaogombania penseli. Mke wa dereva akasema mumewe akichukuliwa na mashine atashukuru, angalau hiyo itarudi nyumbani kwa wakati. Tukacheka. Halafu wote wakanigeukia mimi, "Wewe dada ndiye mwenye bahati, hakuna mashine itakayojua kichwa cha mtu kinauma wapi," na mdogo wangu amekaa pale pale na fungu la rasta mkononi, msomi wetu, Afisa wetu, na mimi mshauri nilifurahi. Sitakuficha. Nilifurahi mpaka nikaona aibu kujitazama kwenye kioo.

Sasa siku moja mchana hakukuwa na mteja, akaja akasimama mbele yangu kama mtoto anayetaka ruhusa, akasema, "Dada, nifundishe kusuka." Mimi sijui neno lile lilikuwa limekaa wapi miaka yote hiyo, nilimjibu, "Shule yangu uliila wewe. Na mikono yangu unataka kuila?" Hakukasirika. Angekasirika ningepata pa kushika. Alisema, "Sawa, dada," akachukua ufagio akamalizia kufagia, na kesho yake hakuja.

Tangu hapo yuko kwa baba, amejilaza chumbani, chakula anakirudisha kama kilivyokwenda. Mashati yake ya ofisi amempa fundi simu, saa yake amempa mtoto wa mjomba, na ule mto wa kukalia alikuja kuniachia mlangoni, akasema, "Kalia wewe, mgongo wako mbovu, mimi sitauhitaji tena." Baba naye akaja saluni, wateja wamejaa, akasimama mlangoni na kofia yake ya ulinzi ambayo bado anaivaa ingawa amestaafu, akasema kwa sauti, "Mfundishe mdogo wako. Wewe ni dada." Maneno yale yale, mshauri. Nilikuwa nimeshika kichwa cha mteja nikavuta nywele mpaka yule mama akatoa machozi, nikamwomba radhi, na yangu nikayameza.

Naogopa kitu ambacho sitaki kukiandika. Usiku na mchana namuwaza. Lakini kila nikivaa viatu niende nikamwambie njoo, moyo unakataa, unaniambia shule walimpa yeye, sifa walimpa yeye, hiki kimoja nilichobaki nacho pia wanataka nimpe, na yeye mwenyewe si alifundisha ile programu ikamtoa kwenye kiti? Wateja wanapenda kitu kipya, wakimwona mwanamume msomi anasuka watajipanga mpaka kwa fundi simu, na mimi nitabaki kumchambulia rasta. Je, mimi ni mtu mbaya? Nimfundishe au nisimfundishe? Na kama unajua kazi ipi mashine haitaigusa naomba uniambie, labda tumtafutie hiyo. Namba yangu nimeandika hapo chini ila tafadhali usiichape.

Ni mimi,
Aliyeishia Kusuka


MSHAURI ANAJIBU

Msusi, namba yako nimeipiga tangu asubuhi, inaita tu. Kwa hiyo nakujibu hapa, na nitaanza na lile uliloliandika haraka haraka katikati ya mashati na saa.

Mdogo wako anaaga. Mtu anayekataa chakula, anayegawa vitu vyake kimoja kimoja na kusema hatavihitaji tena, huyo hapunguzi vitu vya chumbani tu. Wewe unalijua hilo, ndiyo maana ukaandika kwamba unaogopa kitu usichotaka kukitaja, kisha ukarukia habari za wateja kujipanga. Hapo nakugombeza, kama ulivyoomba. Ulikuwa na moto ndani ya nyumba ukaniandikia kuuliza habari za rangi ya ukuta.

Nenda kwake leo. Usiende na mahubiri, wala usimwambie ajikaze, wala kwamba wapo wenye shida kumzidi. Kaa chini umuulize kwa Kiswahili cha kawaida: "Unafikiria kujiua?" Kumuuliza hakutampandikizia wazo hilo kichwani. Kama limo, limo tayari, na litapungua uzito akimpata wa kulisema naye. Akijibu ndiyo, au akinyamaza, msimwache peke yake hata anapolala, na mpeleke hospitali mkiwa wawili, wewe na mtu mwingine mnayemwamini, hata huyo fundi simu aliyepokea mashati bila kuuliza maswali. Pale waambie wazi kilichowaleta, msiseme ana malaria. Na baba yako aambiwe anyamaze kwanza. Amezoea geti, anadhani kila kitu hufunguka kwa kuamriwa.

Hayo ni ya leo. Yanayofuata ni ya baadaye, mkishavuka.

Umeniuliza kama wewe ni mtu mbaya. La. Ulidhulumiwa, na sitakuambia yaliyopita si ndwele, maana mara nyingi wanaosema hivyo ndio waliokula wakashiba. Mtoto aliyefaulu akatolewa shuleni ameibiwa, hata kama mwizi alikuwa anampenda. Nimeisoma barua yako mara nyingi, na kila nikifika pale kwenye kichwa kilicholowa naweka miwani chini kwanza. Lakini hebu tazama hasira yako umeipeleka nyumba ya nani. Mdogo wako hakuchukua shule yako, alipewa, na wakati huo alikuwa hata hajui kufunga kamba za viatu vyake. Aliyeamua ni baba, na kwa kuwa baba hajibiwi, umemjibu aliye karibu. Wenzako wengi walioandika katika ukurasa huu wamefanya hivyo, hujavumbua kitu.

Ile furaha yako ya mbele ya kioo nayo usiitafutie mganga. Mtu aliyedharauliwa miaka mingi akisikia mara moja kwamba yeye ndiye mwenye bahati, atafurahi, awe nani. Ila wewe ndiye mwenye vitana na mikasi, ulipaswa kuwa wa kwanza kukumbuka kwamba ukiona mwenzako ananyolewa, zako utie maji. Umeandika kwamba dada wa benki hukumwona tena tangu aliposimulia madirisha kufungwa. Ulijiuliza anasukwa na nani sasa hivi? Hasukwi. Amejifunga kitambaa, au anajisuka mwenyewe kwake. Mashine haitashika kichwa cha mteja wako, hilo huenda likawa kweli kwa muda mrefu, lakini ikimtoa mteja kwenye kiti chake cha ofisi, na kiti chako cha saluni kinabaki wazi. Bahati yako imekaa mapajani mwa hao hao unaowacheka.

Kwa hiyo usiniulize kazi ipi haitaguswa. Sijui. Naona kama wewe unavyoona, kwamba kazi za kurudia jambo lile lile mbele ya kompyuta zinaondoka kwanza, za makarani, za madirishani, za wanaopokea simu na kusema subiri kidogo, na kwamba zile za kumshika mtu, kumuuguza, kumwogesha, kumtuliza mtoto, zinachelewa. Lakini zinachelewa tu, na mara nyingi zinalipwa vibaya. Mimi mwenyewe nimeshaambiwa na mhariri, kwa upole na kikombe cha chai mkononi, kwamba barua zenu zinaweza kujibiwa na programu kabla sijavua koti. Nimerudi mezani nikaendelea. Baba yako naye alikuwa na uhakika wake, aliona kalamu zikipita getini akaamini ameiona kesho, na kwa uhakika huo akamtoa mtoto mmoja shuleni na kumbebesha mwingine nyumba nzima mabegani. Msirudie kuchagua watoto kwa kubahatisha soko. Huyo mwenzako naye aliumia, msusi, wewe ulinyimwa na yeye alitwishwa, na siku kile kiti kilipoondolewa hakuwa na mahali pa kuweka sifa zote zile alizobebeshwa na baba.

Sasa kusuka. Unaogopa kwamba ukimfundisha atakutoa kama alivyotolewa. Programu ile haimjui aliyeifundisha, wala haitamtafuta akiugua. Huyu anakujua. Alipokuomba alisimama kama mtoto, ukamtukana, akasema sawa dada, akafagia mpaka mwisho. Mtu wa namna hiyo si wa kukunyang'anya wateja, na hata wakijipanga mpaka kwa fundi simu, viti si unavyo viwili?

Lakini usimfundishe kwa sababu baba amesimama mlangoni na kofia. Ukifanya hivyo utakuwa umeachia mara ya pili, na utamchukia kila akishika nywele. Amua mwenyewe, kwa wakati wako. Ukiona moyo bado haujakubali, mtafutie msusi mwingine amfundishe, na hilo halitakufanya kuwa mchawi. Ufundi unaweza kumnyima. Udada huwezi, maana huo hukupewa na baba. Na mwambie neno hili, hata kabla hujajua utaamua nini: "Ile siku nilikosea kukujibu vile." Liishie hapo, usiongeze "lakini."

Kwa baba utakwenda peke yako, siku ambayo hana wageni. Kaa umwambie, "Baba, mimi nilifaulu." Basi. Usibishane, usidai aombe radhi. Huenda akaulizia chakula kama vile hakusikia. Inauma, najua, na huenda hutapata zaidi ya hapo mpaka mmoja wenu afukiwe. Lakini litakuwa limesemwa ndani ya nyumba ile kwa sauti yako, na wewe utaacha kutia sahihi barua kwa jina la Aliyeishia.

Nilipofika hapa simu yangu imeita, ni namba yako. Sauti ya kiume, ya upole. "Samahani, tumekuta umepiga mara nyingi. Dada mikono yake ina mafuta, kaniambia nipige mimi." Nikamuuliza yeye ni nani. "Mdogo wake. Nimepita kumuaga, nasafiri." Nikamuuliza anasafiri kwenda wapi. Nikasikia barabara, nikasikia redio ya jirani, yeye sikumsikia.

Nikamwambia akupe simu, mafuta na yote. Uliposema haloo nilikuambia maneno machache tu: mdogo wako hana safari, mkalishe. Hukuniuliza mimi ni nani. Msusi hamwachi mtu na nusu kichwa, hata mimi nisiyejua kusuka najua hilo. Lakini nilikusikia ukimwambia mteja wako ajifunge mtandio aende, arudi siku nyingine, na yule mama akilalamika atapitaje njiani vile, na wewe ukisema, "Nenda, mama, nisamehe, nafunga," kisha mlango ukabamizwa, nanyi wawili mkabaki ndani.

Mengine yote niliyoandika hapo juu yanaweza kusubiri.